Ncha ya Kamba: Historia Fupi ya Kufunga Zawadi Garissa

Siku tatu kabla ya binti wa abti kuolewa, nilikuwa na shilingi 700 kwa simu na sikuwa natarajia nyingine mpaka mwisho wa mwezi. Abti kwetu ni mjomba, ndugu ya mama. Huyu wangu ndiye aliyenilipia karo ya mwaka wa kwanza chuoni Nairobi. Mwaka wa pili biashara yake ya mbuzi ikayumba, mimi nikajaribu kujisukuma mwenyewe, na mwaka wa tatu nikapanda basi kurudi Garissa na begi moja. Hajawahi kuniuliza swali hata moja kuhusu ile digrii. Ndiyo maana zawadi ya binti yake ilinikosesha usingizi. Ukiwa na deni la mtu asiyekudai, kila kitu unachompa unakiona kidogo.

Nikaenda duka moja la zawadi mjini. Karatasi ya kung'aa, utepe, ua la plastiki la kubandika juu, kikapu cha kuweka vyote ndani na ile nailoni ya kufunika kikapu: 450. Ningebaki na 250 ya kununua zawadi yenyewe. Yaani nguo ingekuwa ghali kuliko mwenye kuvaa. Nilimwambia muuzaji narudi, na sote wawili tulijua sirudi.

Badala yake nilikatiza hadi Soko Mugdi. Mugdi kwa Kisomali ni giza, na ukiingia humo kutoka kwa jua la saa nane unaelewa jina mara moja, maana unasimama kwanza macho yazoee. Kwa mama mmoja nilinunua dabqaad ya udongo kwa 250 na uunsi wa 150. Dabqaad ni chetezo, kile chombo cha kufukizia udi, na jina lake ni maneno mawili tu: dab ni moto, qaad ni kubeba. Uunsi ni udi wetu, sukari na manukato yaliyopikwa pamoja yakaganda. Nyumba ya bibi harusi bila harufu ya uunsi haijakamilika, kwa hiyo zawadi yenyewe nilikuwa na hakika nayo.

Shida ilikuwa kuifunga. Dabqaad ina kiuno chembamba, mdomo mpana na masikio. Nilichukua karatasi mbili za kaki za mbao kila moja nikakaa chini. Karatasi ikapasuka kwenye masikio. Nikaweka gundi ya utepe, na kwa joto la Garissa gundi ikaanza kujibandua yenyewe kabla sijamaliza upande wa pili. Ayeeyo, nyanya yangu, alikuwa amekaa kwenye mkeka akinitazama kwa muda mrefu bila neno. Kisha akasema, "Ayeeyo, huyo mgonjwa amevunjika wapi?"

(Kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lilelile mdogo analomwitia. Mimi namwita ayeeyo, yeye ananiita ayeeyo. Abti ananiita abti. Kwa hiyo hata ukichekwa, unachekwa kwa heshima.)

Kwa kweli ile kitu ilionekana kama mguu uliofungwa bandeji. Nikamuuliza, kwa hasira kidogo, wao zamani walifunga zawadi na nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa zamani walipumua na nini. "Sisi tulifunga kila kitu," akasema. "Hata nyumba."

*

Hilo la nyumba halikuwa mzaha. Kwa wafugaji wa Kisomali wanaohama, nyumba ni aqal: matao ya fito yaliyopindwa, yakafunikwa kwa mikeka, yakashikwa kwa kamba. Siku ya kuhama, nyumba inafunguliwa, inakunjwa na kufungwa juu ya ngamia. Ikifika malisho mapya inafunguliwa na kusimamishwa tena. Hakuna msumari. Kinachoizuia isianguke ni mafundo, na mafundo ni ya wanawake. Wao ndio wanaosuka mikeka, wanaosokota kamba, wanaosimamisha na kubomoa. Msichana akiolewa, mama yake na wanawake wa ukoo ndio wanaomtengenezea nyumba yake ya kwanza, kwa hiyo zawadi kubwa kabisa ya harusi ilikuwa kitu cha kusukwa na kufungwa.

Na kazi hiyo si ya siku mbili. Nyuzi za baadhi ya mikeka zilitoka kwenye magome ya mti wa galool, mmoja wa ile miiba yetu. Gome linachunwa, linakatwa vipande virefu, kisha wanawake wanalitafuna. Ndiyo, wanalitafuna kwa meno mpaka lilainike na nyuzi ziachane. Wanakaa pamoja kivulini, wanatafuna, wanaimba, wanasokota. Vyombo vya maziwa navyo husukwa kwa nyuzi kwa ukaribu kiasi kwamba haviachii tone, halafu hufukizwa kwa kaa la moto ndani ili maziwa yakae na yapate ile ladha ya moshi ambayo mtu wa Garissa akiikosa Nairobi anaiona chai haijakamilika.

Ninachotaka ukione hapa ni kimoja. Mtu anayehama hana nafasi ya kubeba kitu kisichofanya kazi. Hawezi kuwa na kitu kazi yake ni kufunika tu, kisha kitupwe. Kifuniko lazima kiwe chombo, kamba lazima itumike tena kesho, nguo ya kufungia lazima ivaliwe. Uzuri ukawekwa palepale kwenye kazi: fundo lililolala sawa, mstari wa rangi kwenye msuko, simbi chache zilizoshonwa kwenye ukanda wa ngozi. Simbi, yale makombe madogo ya bahari, yalisafiri kutoka pwani mpaka kwa watu ambao wengine hawakuwahi kuiona bahari. Ukitaka kujua bajeti ndogo inaonekanaje ikiwa na adabu, tazama chombo cha maziwa cha mwanamke ambaye mali yake yote inabebwa na ngamia wawili.

*

Lakini kama kuna siku ambapo kufunga kulifanywa kuwa sanaa yenyewe, ni siku ya saba ya harusi, na kitu chenyewe kinaitwa xeedho. Inatamkwa karibu na "heedo", kwa h ya kooni kama ile ya Kiarabu. Ni mila ya Wasomali wa kaskazini hasa, wa Djibouti na Hargeisa na upande wa Ethiopia, na mimi niliijua kwa sababu mke wa abti amekulia Hargeisa. Wasichana wa kwetu tulikuwa tunaiona kwa video za harusi, tukidhani ni keki.

Si keki. Ndani kabisa kuna nyama iliyokatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa mpaka maji yote yakaisha, ikalazwa ndani ya samli. Ukipita Garissa au Eastleigh unaijua kama nyirinyiri, na wengine wanaiita muqmad au odkac. Ni chakula cha safari, kinakaa muda mrefu bila friji. Juu ya nyama kunatandazwa tende zilizopondwa na viungo, zikafinyangwa kama kuba. Chombo kinafunikwa kwa kifuniko cha msuko. Halafu kazi inaanza: kamba ndefu inazungushwa, inapishwa, inafungwa na kufungwa tena, na ncha yake inafichwa. Mwisho kinavishwa kitambaa cheupe, au ngozi yenye simbi, na kikisimama hapo katikati ya chumba kinafanana na mwanamke mdogo aliyevaa na kujitanda. Huyo ndiye bibi harusi. Kila mtu chumbani anajua ni yeye.

Mama wa binti ndiye mwenye xeedho, akisaidiwa na wanawake wenzake. Siku ya saba, toddobo bax, siku maharusi wanapotoka, watu wa pande mbili wanakutana na upande wa bwana harusi unatakiwa kuufungua. Kisu hakiruhusiwi. Kuvuta kwa nguvu hakuruhusiwi. Lazima itafutwe ncha ya kamba, na mafundo yafunguliwe moja baada ya jingine kwa vidole, kwa utaratibu uleule uliofungiwa, lakini kinyumenyume. Anayejaribu akashindwa anachekwa, anaguswa na fimbo kwa mzaha, anatozwa faini, anarudi kukaa na mwingine anaitwa. Wanawake wa upande wa binti wanasimamia, na si kwa upole.

Nimewahi kusoma watu wakieleza xeedho kama mchezo wa harusi. Ni mchezo, lakini fikiria ujumbe wake. Umemlea binti, umemfunga kwa miaka yote ya malezi, sasa unamkabidhi kwa watu ambao huna uhakika nao. Huwezi kuwafuata nyumbani kwao kuona wanavyomtendea. Unachoweza ni kuwaweka mbele ya kitu kilichofungwa vizuri, mbele ya mashahidi, na kutazama mikono yao. Nani anavuta? Nani anakasirika? Nani anauliza? Nani anakaa chini, anapapasa polepole, anatafuta ncha? Faini inalipwa, watu wanacheka, na mama amekwisha kujua anachotaka kujua.

Mwaka 2023 Djibouti iliifikisha xeedho UNESCO, nayo ikaandikwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ile orodha si ya kujivunia sana. Inamaanisha wanaojua wanapungua na wanaojifunza ni wachache. Nyama bado inapikwa, tende bado zipo. Kinachopotea ni vidole vinavyojua fundo.

*

Sasa hiyo karatasi ilitoka wapi?

Karatasi ya zawadi kama tunavyoijua, ile yenye maua na nyota, ni mtoto wa juzi. Simulizi linalojulikana zaidi ni la Disemba 1917, Kansas City, Marekani. Ndugu wawili wenye duka, Joyce na Rollie Hall, waliishiwa na karatasi laini za kufungia zawadi za Krismasi. Wakachukua karatasi za mapambo kutoka Ufaransa, zilizokusudiwa kuwekwa ndani ya bahasha, wakaziuza kwa senti 10 kila moja. Zikaisha. Kutoka kwa hilo likakua tawi zima la biashara ya kampuni ya Hallmark. Yaani hata hao walianza kwa kubahatisha, kwa kutumia kilichokuwa mkononi. Sisi tumekuja kuinunua hiyo bahati yao kwa bei ya duka.

Lakini huku kwetu karatasi ilikuwa imeshafika, na haikuja na maua. Mwaka 1926 Waingereza waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD, kwa kutumia sheria ya 1902 ya wilaya za mbali. Kuingia au kutoka ulihitaji kibali. Kwa hiyo kwa wazee wengi wa huku, karatasi ya kwanza yenye maana maishani ilikuwa ruhusa ya kutembea kwenye nchi yao wenyewe. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta vilikuja nao, na hali ya hatari iliyotangazwa Disemba 1963 haikuondolewa mpaka 1991. Mwishoni mwa 1989 serikali ilianza kuwachuja Wakenya wenye asili ya Kisomali, na waliopita mchujo wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Ayeeyo alikuwa na yake. Aliiweka ndani ya nailoni, nailoni ndani ya leso, leso ndani ya kifuko cha ngozi, kifuko shingoni. Ukiniuliza kitu kilichofungwa vizuri kuliko vyote nyumbani kwetu miaka hiyo, haikuwa zawadi.

Na kuna mtaa hapa mjini unaoitwa Bulla Karatasi. Bulla ni mtaa, karatasi ni karatasi. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa na watu wenye silaha mjini, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa huo na kuwakusanya wakazi kwenye uwanja wa shule kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Watu waliuawa, na hesabu yao haijawahi kukubaliwa na pande zote. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Ripoti ni ndefu, na yenyewe pia ni karatasi ambayo watu wa hapa wanasubiri ifanye kazi.

Sisemi watu wa Garissa hawapendi karatasi ya zawadi kwa sababu ya 1980. Hapana, duka linauza, na harusini utaona maboksi yanayong'aa yamepangwa hadi dirishani. Nasema tu kwamba wazo la karatasi kama kitu cha furaha, kitu unachokichana ukicheka, ni geni kidogo kwa mtu wa umri wa ayeeyo. Karatasi haichanwi. Karatasi inatunzwa, kwa sababu kuna siku askari ataiuliza.

*

Vitu vingi vilivyofungwa ambavyo tumevizoea vilitoka upande mwingine kabisa. Ukitaka kuona ufungaji wa kila siku usio na gharama, subiri gari la miraa kutoka Meru. Vijiti vinafungwa kwa kamba ya mgomba kuwa surba ndogo, surba zinakusanywa kuwa bunda, na bunda linavikwa jani la mgomba ili unyevu usitoke. Miraa ikikauka hakuna anayeitaka, hivyo jani si pambo, ni saa. Lakini tazama mkono wa mfungaji: pembe zimekunjwa sawa, kamba moja, fundo moja, basi. Lisemwe litakalosemwa kuhusu miraa, na kwetu linasemwa mengi, hasa na wake za watafunaji, ufungaji wake ni safi.

Kisha magazeti. Nyama ya mbuzi, sambusa, njugu, vyote vilipita kwenye gazeti la jana. Kisha mifuko ya plastiki ikaja na kufuta kila kitu, mpaka miiba nje ya mji ikawa inachanua nailoni, na mbuzi wakifa wanapasuliwa matumbo na kukutwa wamejaa mifuko. Agosti 28, 2017 marufuku ya Kenya ilianza: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Watu walicheka, kisha wakaogopa, kisha wakarudi kwa magazeti na mifuko ya nguo. Sijawahi kuona sheria nyingine iliyobadilisha sura ya njia ya Soko Ng'ombe upesi namna hiyo.

Na huko Dadaab, kilomita kama 100 kutoka hapa, kambi zilizoanza mwaka 1991 kwa mpango wa kupokea watu 90,000, zikaja kubeba zaidi ya 400,000, walifanya kinyume: walichukua vifungashio wakavigeuza kuwa maisha. Mikebe ya mafuta ya msaada iligongwa ikanyooka ikawa milango. Magunia ya unga yakawa kuta, mapazia, mikeka. Unaingia nyumba ya mtu kupitia mlango wenye maandishi ya nchi iliyotuma mafuta. Hapo utaona akili ileile ya mtu wa ngamia: kifuniko hakitupwi, kinapewa kazi nyingine.

Mwaka huohuo wa 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, wafanyabiashara waliokimbilia Nairobi walijaza Eastleigh. Nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka soko: mchana vyumba ni maduka, usiku wenye maduka wanalala humohumo, juu ya bidhaa zao. Kutokana na hiyo moja, maduka makubwa ya Eastleigh yakazaliwa. Na kati ya vitu vilivyomiminika kupitia Dubai hadi kwenye vile vyumba, na kutoka huko kurudi mpaka Soko Mugdi, vilikuwa vitambaa. Vitambaa vya kila rangi, vyepesi, vya hariri na vya kujifanya hariri.

Hapo ndipo ayeeyo alipotaka nifike.

*

"Umebaki na pesa ngapi?" aliniuliza.

Nilikuwa na 260. Akanituma ninunue shaash. Shaash ni kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeolewa. Harusini kuna sherehe yake, shaash saar, ambapo wanawake walioolewa wanamvika bibi harusi shaash kichwani, na wengi wanamtunza shaash nyingine. Binti anatoka hapo na vitambaa vya kumtosha miaka. Nilirudi na mmoja wa rangi ya tende, wenye ukingo wa dhahabu usiopiga kelele, kwa shilingi 200.

"Hii ndiyo karatasi yako," akasema.

Nilijua Wajapani wana furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia vitu, na kwamba mwaka 2006 waziri wao wa mazingira, Yuriko Koike, alikifufua kwa kampeni ili watu waache mifuko. Nilikuwa nimeandika hata makala ya kulipwa kuhusu hilo, maneno 600, kwa tovuti ya mbali huko. Nyanya yangu hajasikia habari ya furoshiki. Alinyoosha shaash kwenye mkeka kwa kiganja, akaweka dabqaad katikati ikiegemea pembe, uunsi ndani ya mdomo wake, na akanifundisha kwa maneno machache kama kawaida yake.

Kitambaa kiwe kikubwa kuliko unavyofikiri. Ukinyoosha pembe mbili zikutane juu ya kitu, lazima zibaki na urefu wa kufunga bila kulazimisha. Kikiwa kidogo kinaonekana kimenyimwa.

Rangi moja. Ukiweka rangi tatu, mtu anahesabu rangi na anasahau zawadi.

Usipigane na umbo. Dabqaad ina kiuno, basi funga kiunoni. Karatasi inataka kila kitu kiwe boksi, na ndiyo sababu iliniaibisha. Kitambaa kinafuata mwili wa kitu.

Fundo moja, si matano. Liwe la kufunguka kwa mtu mwenye subira, lisifunguke njiani.

Na la mwisho: ficha ncha. Kitu chochote, hata kikiwa cha shilingi kumi, mwisho wake ukionekana umening'inia kinaonekana cha haraka. Ukiuingiza ndani, mtu anajua ulikaa nacho.

Nilifunga, akafungua. Nikafunga tena, akafungua tena. Mara ya nne akaiacha. Alichomoa uzi wa ukindu kwenye mkeka wake wa zamani, mkeka uleule aliokalia, akanipa nizungushe mara mbili shingoni mwa lile furushi. Hiyo ndiyo ilikuwa pambo peke yake. Jumla: 600. Nilibaki na 60 ya boda.

Jioni ya zawadi niliiweka pembeni, nyuma ya maboksi yanayong'aa, kwa sababu ujasiri una mipaka yake. Wanawake walikuwa wanapokea vitu na kuvitangaza kwa sauti, jina la mtoaji na zawadi, jinsi inavyofanywa, na kila jina nililolisikia lilikuwa la mtu mwenye kazi. Walipofika kwenye yangu, mke wa abti ndiye aliyeinyanyua. Hakuifungua. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye ukindu mpaka alipoipoteza ncha, akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Akaiweka kando na mkono wake, mahali pa vitu vya chumbani kwa binti. Akatangaza jina langu kama alivyotangaza mengine.

Siku ya saba xeedho ilitolewa. Shemeji wa kwanza alivuta, akaondolewa kwa vicheko na faini. Wa pili, anayefanya kazi benki, alifika mahali akaomba wembe kwa mzaha na nusura mzaha huo umgharimu. Wa tatu alikuwa kijana kimya, fundi wa pikipiki. Alikaa chini, akaweka mikono miwili juu ya ile kitu kama anayepima homa, akatafuta. Ilimchukua karibu nusu saa. Kamba ilipoachia, haikukatika mahali popote. Aliikunja, akamrudishia mama wa binti kwa mikono miwili. Abti, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya hana wasiwasi, akaenda zake kutafuta chai.

Nyama ilikuwa tamu, kwa taarifa yenu.

Kesho yake nilimfuata mke wa abti nikamwomba anifundishe mafundo ya xeedho. Nilitaka kurekodi kwa simu, niandike hatua kwa hatua, niweke mahali yasipotee. Alikataa kurekodiwa. Hakukataa kunifundisha. Alisema video watu wanatazama wakila, wakimaliza wanafungua nyingine. Nije Alhamisi baada ya asri, nilete kamba yangu.

Nimekwenda Alhamisi sita sasa. Yako mafundo mengi kuliko nilivyodhani, na mengine yana majina ya watu waliokufa zamani, wanawake wa Hargeisa ambao hawapo kwenye kitabu chochote nilichokiona. Nimeshika mawili. La tatu linanishinda kwa sababu mkono wa kushoto unatakiwa ufanye kitu wakati wa kulia umetulia, na mimi kila mara nasahau kutuliza wa kulia. Yeye hufungua yote, bila neno, na kunirudishia kamba.

Juzi nilimwona binti wake Soko Mugdi akichagua iliki, amejitanda shaash ya rangi ya tende. Hakujua ninamtazama. Nywele zake zilinukia uunsi mpaka huku niliposimama.